Kiangazi kimeingia, trekta lifanye kazi gani?

Msomaji wa nje kidogo ya Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ameandika hivi:

"Habari za kazi, mwalimu. Mimi na kaka yangu tuna trekta, Massey Ferguson 385, tulilinunua likiwa limetumika. Tuna plau ya sahani tatu, haro na trela. Shamba letu ni eka 30, tuna ng'ombe 20, na msimu ukifika tunalimia watu kwa shilingi 130,000 kwa eka. Sasa mvua zimekatika na trekta limesimama chini ya mwembe. Kuna mtu wa matofali anataka kulichukua mwezi mzima abebee mchanga na matofali, atupe milioni 3, dizeli juu yake. Kaka anasema tukubali, trekta lisilale bure. Mimi nina wasiwasi. Hadi mwezi wa tatu tulipe kazi gani?"

Dada yangu, nianze na mtu wa matofali, maana ndiye anayesubiri jibu. Kwa bei hiyo, msimpe. Mwite kaka, chukueni kalamu, mpige hesabu kwa saa za injini na si kwa mwezi.

Siku 26 za kazi, saa 8 kwa siku, ni saa 208. Ukizigawia milioni 3 unapata kama 14,400 kwa saa. Tuseme dereva mnamlipa 30,000 kwa siku. Hapo zimeondoka 3,750. Zinazobaki, 10,650 hivi, ndizo za oili, filta, tairi, klachi, breki na kuchomelea trela, kisha ndipo mtafute faida humo. Sasa tazama upande wa pili. Plau ya sahani tatu kwenye udongo wa kawaida inachukua kama saa moja na nusu kwa eka, pamoja na kugeuka. Saa zilezile 208 ni kama eka 138. Toa lita 10 za dizeli kwa kila eka, tuiweke dizeli 5,000 kwa lita, bado mna 80,000 kwa eka, yaani milioni 11.

Kaka atasema Januari hakuna anayelima, kwa hiyo hizo milioni 11 ni za kwenye karatasi. Ana haki, na ndiyo maana sisemi trekta lilale. Ninachosema ni kwamba saa za injini mnaziuza, na bei yake muijue. Matrekta ya aina hii kwa kawaida hubadilishwa oili ya injini kila saa 250. Huyo bwana atakula karibu saa zote hizo kwa mwezi mmoja, halafu sevisi mtalipa nyinyi.

Isitoshe, kubeba mizigo barabarani kunalichosha trekta mahali pabaya. Meno ya tairi ya nyuma yametengenezwa yang'ate udongo. Kwenye lami na changarawe kavu yanasagika. Mwezi wa tatu mtakapotia plau, magurudumu yatateleza, na kila linapoteleza dizeli inaungua bila sentimita moja kulimwa. Na mchanga unadanganya macho. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kama tani 1.6, na ukiwa umelowa unazidi. Trela la tani 5 limeshatosheka kwa mita 3 za ujazo, ilhali ukilitazama linaonekana bado lina nafasi. Vijana wa koleo wataongeza tu, wao wanalipwa kwa tripu.

Mkibanwa na ada za shule na pesa hiyo ikawa ya lazima, basi bei iwe kwa tripu, malipo kila Jumamosi, dereva awe wenu, mzigo upimwe kwa alama mliyoichora wenyewe ndani ya trela, na kazi iishe kabla ya giza. Hakikisheni pia kanyagio mbili za breki zimefungwa pamoja kwa kile kikomeo chake kabla ya kuingia barabarani. Shambani dereva huzitenganisha ili agandishe gurudumu moja anapogeuka. Akisahau kuzifunga, akakanyaga moja kwa mwendo wa barabarani, trekta linajipinda na trela linalisukuma kwa nyuma. Barabara yenu ni ile ya Kampala kwenda Gulu, mabasi na malori ya Sudan Kusini hayapungui. Kwenye mteremko gia ndogo iingizwe trekta likiwa bado juu, kabla ya kuanza kushuka, na mguu ukae mbali na klachi. Asipande mtu juu ya mzigo wala kwenye madigadi.

Hayo yamekwisha. Sasa kazi zenyewe.

Kabla ya yote, mkalisheni dereva chini wiki hii, akiwa bado anakumbuka. Mwulizeni ni wapi palipokuwa panapiga kelele, plau ilikuwa inashuka yenyewe ikiinuliwa au inakaa, gia ipi ilikuwa inaruka, joto lilikuwa linapanda saa ngapi. Andikeni majibu. Mkingoja hadi Februari atasema "lilikuwa sawa tu", na fundi naye atakuwa na foleni ya kila mwenye trekta aliyekumbuka dakika za mwisho. Vipuri vya Massey vinapatikana, lakini mwezi wa tatu mwenye duka anajua una haraka.

Plau mnaweza kuikagua wenyewe mchana mmoja. Inyanyueni, muweke magogo chini yake (msiamini haidroliki peke yake, mtu asiingie chini ya plau iliyoning'inia), kisha shika kila sahani kwa mikono miwili, juu na chini, uitikise. Ikicheza, bering zimekwenda au zimelegea. Tazama nyuma ya kitovu: ukiona grisi iliyochanganyika na udongo imetoka, sili imekufa na mchanga umeshaingia ndani. Bering iliyokula mchanga haiokolewi kwa kuongeza grisi; fungua, osha kwa dizeli, badilisha. Sahani iliyokuwa butu hunolewa kwa upande wa nyuma, na ikiwa imepungua kiasi kwamba haifiki kina mnachotaka hata mkiikaza, ni ya kubadilisha. Kisha vyuma vyote vinavyong'aa mvipake oili chafu mliyotoa kwenye injini, visipate kutu.

Kwenye trekta lenyewe: oili na filta, maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli, na rejeta. Mbegu za nyasi na vumbi hujipanga kati ya mapezi ya rejeta hadi hewa haipiti. Pulizeni kutoka upande wa feni kwenda mbele, maana mkipuliza kutoka mbele mnazishindilia. Kama kisafisha hewa ni kile cha bakuli la oili, kifungueni muone tope lililo chini. Vumbi la kiangazi cha huko hulijaza upesi kuliko watu wanavyodhani.

Trekta likishakuwa tayari, kazi ya pesa ninayoipenda kuliko zote kwa wilaya yenu ni kupukuchua mahindi. Mahindi ya msimu wa pili yanakauka Desemba na Januari, wakati uleule trekta limekosa kazi, na wanaoyalima ni wengi, wenyeji na wakimbizi wa makazi ya Kiryandongo, ambao wengi bado wanayapiga kwa fimbo ndani ya gunia. Fimbo inavunja punje, na punje iliyovunjika ndiyo inayoingiwa na ukungu kwanza. Hamkutaja mashine ya kupukuchua inayoendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta. Kama kuna pesa ya msimu iliyobaki, ningeinunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Trekta linasimama mahali pamoja, tairi hazisagiki, klachi inatumika kidogo, na mnalipwa kwa gunia.

Ila kusimama kuna adabu zake. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Nguo ikishikwa, hakuna muda hata wa kupiga kelele. Kazi hii huzungukwa na akina mama waliovaa gomesi na vitenge, na watoto wanaookota magunzi. Kifuniko cha plastiki cha shafti kiwepo, na kama kimevunjika kazi haianzi. Fungeni kamba kwenye vigingi kuzunguka trekta na shafti, asivuke mtu ila dereva, na dereva naye azime kabla ya kuinama kuondoa kilichokwama. Mteja akiona mnachelewa, mwacheni aone.

Angalieni upepo pia. Wekeni trekta upande upepo unakotoka ili makapi yaende mbali nalo. Likiwekwa upande wa pili, rejeta mliyoisafisha itajaa makapi kabla ya saa sita mchana, na kwa kuwa trekta limesimama hakuna hewa ya mwendo ya kulisaidia. Dereva awe na jicho moja kwenye kipima joto.

Mahindi mabichi msiyapukuchue hata mkiombwa vipi. Mashine itayaponda na jina baya litakuwa lenu. Kipimo cha kijijini kinatosha kwa kuanzia: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi. Chupa hiyo hukamata yaliyozidi kama asilimia 15 tu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya kuuza ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, isizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mnunuzi mkubwa atapima, kwa hiyo mwambieni mteja ayaanike tena juu ya turubai baada ya kupukuchua.

Kazi ya pili ya pesa ina dirisha dogo, na ndiyo hiyo wengi hawaifikirii: mikanda ya kuzuia moto. Kiryandongo na Masindi kuna mashamba mengi ya mikalitusi na misonobari, na kiangazi nyasi zikikauka moto wa mwindaji au mchoma mkaa unapita popote. Mwenye miti anahitaji mkanda wa udongo mtupu kuzunguka shamba, na haro yenu inaufanya kwa kupita mara mbili au tatu. Fanyeni sasa, kabla nyasi hazijakauka kabisa. Februari ni kuchelewa, na trekta lenyewe kwenye nyasi kavu ni hatari, ekzosi ikiwa inatema cheche. Anzeni na mpaka wenu wenyewe, jirani akiuona atauliza bei. Kila mwendo muwe na majembe, matawi mabichi na mapipa ya maji kwenye trela.

Sasa kwenu nyumbani. Ng'ombe 20, na sijaona neno kuhusu maji. Kama kiangazi mnawapeleka mbali kunywa, basi kazi kubwa ya trekta hili mwaka huu ni lambo, na hapa ningetumia saa nyingi kuliko pengine popote.

Hesabu yake si ngumu. Ng'ombe mmoja akinywa lita 40 kwa siku, 20 kwa siku 90 ni lita 72,000, yaani mita za ujazo 72. Lambo lenye mdomo wa mita 20 kwa 12 na kina cha mita 2, kuta zikilazwa ili kila mita moja ya kushuka iingie ndani mita moja na nusu, lina mita za ujazo kama 312. Usifurahi bado. Jua la kwenu linaweza kunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku, kwa siku 90 ni nusu mita ya juu, na nusu mita hiyo ndiyo pana kuliko zote: karibu mita za ujazo 108 zimeondoka. Zinabaki kama 200. Ng'ombe wachukue 72. Zilizosalia ni za kuvujia chini na kitalu cha mboga, na kama udongo wenu unavujisha sana, zitakwenda zote. Ndiyo maana kina ni bora kuliko upana.

Kwa hiyo udongo kwanza. Mahali maji ya mvua yanapopita, palipo chini ya mteremko mdogo, chimbeni shimo la kufika kifuani. Chukua udongo wa chini, ulowanishe, usokote kama mjusi mrefu mwembamba na uukunje. Usipovunjika una mfinyanzi wa kutosha. Kisha jaza shimo maji jioni. Asubuhi yatakuwa yameshuka, maana udongo mkavu unakunywa. Jaza tena, na ya mara hii ndiyo ya kupima. Yakishuka sana siku nzima, hamisheni mahali, msidanganyane.

Trekta peke yake si mtambo wa kuchimba, lakini kwa lambo la ukubwa huu linatosha mkiwa na subira. Plau inalegeza udongo sentimita 20 hivi, kisha blade ya nyuma (bamba la chuma la kusukuma udongo) au koleo kubwa la kuvuta linausomba kuutoa nje, mnalegeza tena. Udongo mweusi wa juu wekeni kando, utarudishwa kwenye tuta mpandie nyasi. Mfinyanzi mzuri mnaoukuta wekeni kando pia, huo ni wa kusiliba chini. Ila kushindilia kunataka unyevu: mfinyanzi mkavu ukiupitia kwa tairi unakuwa unga. Chimbeni Januari, na kushindilia mfanye kwa maji ya pipa au mngoje manyunyu ya kwanza, tabaka la sentimita 15 kila mara, tairi zikipita sehemu yote. Mahali maji yanapoingilia wekeni shimo dogo la kunasa mchanga, mtakuwa mkilizoa kila kiangazi. Na upande mmoja muache njia pana ya maji kutokea, yenye nyasi, isiyopita juu ya tuta. Tuta lililopitiwa na maji juu hukatwa usiku mmoja.

Msichimbe bondeni kwenye kinamasi. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda kingo za mito, mita 100 kwa mito mikubwa kama Nile na mita 30 kwa mingine, na kugusa kinamasi kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Pitieni kwa ofisa mazingira wa wilaya kabla ya kuanza. Atakuja, atatazama, na mtalala usingizi.

Likibaki na muda, limieni ripa, chombo cha meno marefu ya kupasua udongo wa chini, zile eka zenu ambazo mmezilima kwa sahani miaka mfululizo. Sahani ikipita kina kilekile kila msimu inashindilia tabaka gumu chini yake. Mizizi ya mahindi ikifika hapo inakunjika kwenda pembeni. Plau inataka udongo wenye unyevu kidogo, lakini ripa inafanya kazi vizuri udongo ukiwa mkavu, kwa sababu ndipo tabaka linapopasuka badala ya kukatwa kama sabuni. Trekta la nguvu farasi 85 litavuta meno mawili au matatu. Mkiweza kukodi ripa, jaribuni eka mbili kwanza mlinganishe na jirani zake wakati wa kuvuna. Barabara ya kuingilia shambani nayo iinulieni mgongo katikati kwa blade, maji yaende pembeni. Siku mbili zinatosha.

Kati ya kazi na kazi, litoeni trekta chini ya mwembe. Banda la nguzo za mikalitusi na mabati linatosha. Jua ndilo linalopasua tairi. Tanki lijazwe dizeli likisimama muda mrefu, nafasi tupu hukusanya unyevu. Ondoeni waya wa hasi wa betri, au ileteni betri ndani kabisa, maana wezi nao wana msimu wao. Kuliwasha dakika tano kila asubuhi "lisigande" hakufai, injini haipati joto na unyevu unabaki kwenye oili. Afadhali kila wiki mbili lifanye kazi ya kweli hadi lipate moto sawasawa. Na mchungulie chini ya boneti kabla ya kuwasha, panya wa kiangazi wanapenda nyaya.

Dereva msimwachilie. Mkimwacha Desemba, Machi atakuwa kwa mwingine na yule mpya atajifunzia kwenye klachi yenu. Mpeni nusu ya mshahara wa msimu na asilimia kwa kila gunia linalopukuchuliwa, pamoja na daftari la saa na dizeli analolijaza kila jioni, wewe ukisaini.

Mkishachimba lile shimo la kujaribia, niandikie maji yalishuka kiasi gani siku ya pili na udongo wa chini una rangi gani. Hapo nitaweza kusema kama lambo likae hapo au lisogezwe.